Kazi Nilizompa Baba Mkwe

Nawasimulia aibu hii mwenyewe kwa sababu mjomba wangu ameshaanza kuisimulia, na kila akisimulia anaongeza mbuzi. Mbuzi alikuwa mmoja tu, na hakuwa wetu.

Mnanijua, mimi ni msahaulifu. Nafanya kazi katika ofisi ya kutoa mizigo forodhani, pale katikati ya mji, na hapo sijafukuzwa kwa sababu kila mzigo una mwenyewe anayeulilia kwenye simu tangu asubuhi, basi hata nikitaka kuusahau haniachi. Mambo yangu binafsi ndiyo hayana wa kuyalilia. Nadège, mchumba wangu, alinivumilia mpaka nilipousahau ugonjwa wa baba yake (nilikumbuka ameshapona, nikampelekea machungwa, akayapokea amesimama mlangoni). Jioni ile Nadège aliniambia bila kupaza sauti:

"Didi, papa iko muntu ya reli. Muntu ya kusahau bintu, kwake haiko muntu. Kama unaharibisha présentation, hatakupatia miye tena."

Présentation kwetu ndiyo siku familia ya mwanamume inakwenda mara ya kwanza kwa familia ya mwanamke, na mbuzi wake, na adabu yote iliyonayo. Zilikuwa zimebaki wiki mbili. Mtu mwingine angekwenda kununua mbuzi. Mimi nilitafuta programu ya simu ya kupanga kazi.

Nikapata mbili, moja ya bluu na moja ya kijani, zote za bure, na hapo ndipo shida ilipoanza, kwa sababu nisingeweza kumkabidhi baba mkwe kwa programu nisiyoijua vizuri. Nikaamua kuzijaribu zote mbili kwa pamoja. Kila kazi niliiandika huku na kule, kisha nikafungua ukurasa wa tatu wa kulinganisha ipi inanisaidia zaidi, na ukurasa huo nao ulitaka muda, maana ya bluu ililia kengele tamu ukimaliza kazi, lakini ya kijani ilikuwa na rangi, na mimi rangi zinanipendeza. Kwa wiki nzima sikufanya kitu hata kimoja, ila kila kitu kilikuwa kimepangwa vizuri sana.

Mwishowe nikachagua ya kijani, kwa sababu kando ya kila kazi kulikuwa na picha ya kichwa cha mtu. Ukikigusa, majina yote ya simu yako yanatokea, unachagua moja. Nikasema hapa ndipo mtu anaonyesha kazi hii ni kwa ajili ya nani (sikusoma maelezo, yalikuwa marefu, nami nilikuwa na kazi za kupanga). Basi kununua mbuzi, nikamgusa Papa Nadège, kwani mbuzi ni wake. Kunyoa ndevu, Papa Nadège, maana ndiye nitakayesimama mbele yake. Kupaka viatu rangi, Papa Nadège. Kunywa bia moja tu, Papa Nadège. Kulikuwa pia na kengele ndogo ya kukumbusha, nami niliigusa kila jioni bila kukosa. Kwa mara ya kwanza maishani nilijiona mtu mwenye utaratibu, nikajipenda.

Jumamosi ya présentation niliamka nyumbani Naviundu, nikafungua simu, nikakuta kila kazi ina alama ya kuwa imekamilika. Zote! Mtu mwenye akili angeshtuka. Mimi nilimshukuru Mungu. Mbuzi, nikajua mjomba ameshanunua, kwa sababu nilishamgusia habari hiyo siku moja tukiwa njiani (kumbe yeye alidhani namweleza furaha yangu tu). Kuhusu ndevu, nilipitisha mkono kidevuni nikazikuta, lakini nikajiambia labda nilinyoa Jumanne na ndiyo iliyohesabiwa. Viatu sikuviangalia hata kidogo.

Tukafika kwa akina Nadège, mtaa wa Golf, saa tisa mchana, mimi, mjomba, shangazi zangu na mikono mitupu. Nikamwuliza mjomba polepole: "Mbuzi iko wapi?" Naye akaniuliza: "Mbuzi gani?" Lakini tulikuwa tumeshakaribishwa na viti tumeshapewa.

Sasa lazima niwaeleze Papa Nadège. Alistaafu reli akiwa mkuu wa stesheni, hacheki, na alikuwa na ndevu nyeupe zilizomfika kifuani, ambazo Nadège tangu azaliwe hakujua nyuma yake kuna nini. Mjomba alisimama kuanza salamu, mlango wa nyuma ukafunguliwa, akatoka mzee mmoja mwenye kidevu laini kama cha mtoto mchanga, viatu vinang'aa, mkono mmoja anavuta mbuzi kwa kamba na mwingine ameshika chupa ya bia. Sikumjua. Nadège naye hakumjua, mpaka mzee alipofungua kinywa ndipo akapiga kelele: "Papa! Ndevu!"

Mzee akanigeukia mimi.

"Mukwe, bile ulinituma nilishafanya. Ndevu, nilikata. Biatu, nilipakala. Mbuzi njo huyu. Na bière, njo hii moya tu, haitapita."

Mjomba wangu, ambaye hakuelewa lolote lakini ana adabu, akaenda kuipokea kamba. "Aksanti sana, papa! Kwetu hatukuonaka bakwe ya kutupatia mbuzi!"

Shangazi mmoja akapiga vigelegele. Nilitamani ardhi ipasuke pale pale.

Mzee akatoa simu yake mfukoni, akampa mjomba asome kwa sauti, na mjomba akasoma mbele ya familia zote mbili: Didier amekupa kazi, kunyoa ndevu. Didier anakukumbusha, kazi yako imechelewa. Didier anakukumbusha. Didier anakukumbusha. Kufikia ile ya bia moja tu, sauti ya mjomba ilikuwa imekwisha.

"Papa," nikasema, "haiko miye, ni application..."

"Application njo inaoa mutoto yangu, ao ni weye?"

Mjomba akajaribu kumwuliza kwa nini hakupiga simu tangu mwanzo ili mambo yaishe. Mzee akasema:

"Ku reli, ordre ya mukubwa unatimiza kwanza. Malalamiko inakuya nyuma. Sasa njo nyuma."

Akanywa bia yake, moja kama alivyoagizwa, kisha akatoa uamuzi. Binti hakatai kunipa. Ila turudi siku ndevu zake zitakapofika tena kifuani, na mbuzi wetu, ndipo tutaanza upya. Mjomba akairudisha kamba.

Nilikubali, tena kwa moyo wote, maana ndevu huota zenyewe na hazihitaji kukumbushwa na mimi. Nikahesabu mwaka mmoja, labda na nusu. Nadège alilia kidogo, akacheka, akasema tutangoja.

Jumapili iliyopita nilikwenda kumsalimia mzee, nikakuta kidevu laini vilevile. Nikamvuta Nadège pembeni.

"Ananyoa kila asubuhi," akasema, macho chini. "Mama alimuambia eti anafanana tena na kijana mwenye alimuoaka."

Programu zote mbili nimezifuta, na sitaweka nyingine hata nikilipwa. Ukiniuliza ipi ilikuwa nzuri, nitakuambia weka kazi zako kichwani, ukisahau usahau peke yako. Na ukimwona Mama Nadège sokoni, nakuomba sana, mwambie amwache mume wake azeeke.