Kipimo cha Mtu Anayepumua

Mwanangu, kila nikisikia kijana anakwenda kuulizwa maswali ya kazi, nakumbuka siku moja hapa Elisabethville, enzi za Wabelgiji, nilipompima mtu aliye hai kama maiti, naye ananitazama. Usicheke. Siku hiyo hakucheka mtu.

Nilikuwa seremala wa majeneza. Karakana yetu ilikuwa nyuma ya hospitali, na mimi ndiye niliyewapima marehemu kabla mbao hazijakatwa. Wazee wa pale walituachia ada yao: unaanza na kamba miguuni unapanda kichwani, unabana pumzi, husemi neno, na ukimaliza unaikata kamba vipande viwili. Kipimo kisichokatwa, walisema, hutafuta mwingine wa kumfaa. Safari moja kamba ilisahaulika msumarini bila kukatwa. Wiki ileile fundi mwenzetu, mwenye urefu uleule, alilala akiwa mzima na asubuhi hakuamka. Labda ilikuwa homa tu. Lakini toka hapo mikono yangu ilikata kamba hata ndotoni, na mke wangu Kabedi akawa ananiamsha kwa woga.

Kisha Mzungu mwenye karakana akaifunga na kurudi kwao. Na zama hizo, mwanangu, mtu mweusi asiye na kazi hakuachwa mjini. Polisi walimpandisha treni, arudi kijijini. Kabedi alikuwa na mimba kubwa, na kutoka stesheni hadi kwetu ni mwendo wa miguu porini. Nilijua safari ile ingemuua.

Nikasikia kwamba Baba Kazadi, fundi wa kushona aliyejulikana mtaa mzima, anatafuta mtu. Nikabaki nimekaa. Jogoo wa shamba hawiki mjini, nilijiambia, na nani atavaa shati lililopimwa na mikono ya majeneza? Niliazimia kusema kwamba nilikuwa mkulima, na nikalitamka hilo pale nyumbani. Mama Ngoie, shangazi yake Kabedi, akaacha kusonga bukari, akanielekezea mwiko.

“Ile kintu mikono yako inajua, muzungu alienda nayo ku Bulaya? Usimupe muntu jina ya kazi tu. Mwambie kintu yenye unajua kufanya. Mficha uchi hazai, baba.”

Nikaitikia kwa adabu, nikaenda na uongo wangu uleule.

Barazani kwa Baba Kazadi mafundi wawili walikuwa wanakanyaga cherehani, na mama mmoja pamoja na mtoto wake wanasubiri nguo yao. Baba Kazadi hakuniuliza nimetoka wapi. Alisimama mbele yangu, akanyoosha mikono, akasema, “Nipime.”

Utepe ulikuwa shingoni mwake. Niliona haya kuugusa, nikaokota uzi mrefu sakafuni. Nikachuchumaa. Nikauweka kisiginoni, nikapanda nao taratibu hadi utosini, pumzi nimeibana, mdomo nimeufunga. Ukimya ule niliuzoea, ukanipokea. Kisha nikaukata uzi kwa meno, vipande viwili, vikaanguka miguuni pake.

Cherehani zote mbili zikanyamaza. Yule mama akamshika mtoto mkono, akashuka barazani bila kuaga. Kila mtu mtaani aliwahi kuzika, na kila mtu alijua nilichofanya.

Baba Kazadi alivitazama vile vipande viwili. Jasho lilimtoka, na sauti ikawa ndogo. “Weye ulikuwa unatumikia bafu, bantu ba kufa?”

Nilitaka kukimbia. Nikamfikiria Kabedi kwenye treni, na uongo ukanikauka kinywani.

“Ndiyo, baba. Mufu hawezi kusema hapa panamukaza. Sanduku ikikuwa fupi, hairudishwe. Macho yangu ilizoea kupata kipimo mara moja, na mbao ya bantu sikuharibisha. Na benye kulia, nilizoea kusema nabo polepole.”

Nikaamini nimekwisha. Kisha akavua utepe shingoni, akaniwekea mkononi.

“Pima tena. Ila sasa unisalimie kwanza.”

“Jambo yenu, baba.”

“Jambo, mwana.”

Nikaanzia mabegani. Nikazungusha utepe kifuani, na kifua kikapanda chini ya vidole vyangu. Nikaruka nyuma. Miaka yote ile sikuwahi kumpima mtu akapumua. Joto lake lilinitisha kuliko ubaridi wowote nilioushika, nikalia mbele ya mafundi wale wawili. Baba Kazadi akangoja ninyamaze, akasema nije kesho asubuhi kuanza kazi.

Basi sikiliza, mwanangu. Ujuzi hauzeeki, wala haufi karakana ikifungwa. Ukienda kuomba kazi usiyowahi kuifanya, usifiche ulikotoka. Usiishie kutaja jina la kazi ya zamani. Eleza mikono na macho yako yamejifunza nini huko, na hilo litamfaa nini huyu unayemwomba. Lakini ada za nyumba uliyohama ziache mlangoni kwake, maana mazoea hayaulizi ruhusa, na kinachomtuliza maiti humtisha aliye hai.

Nenda. Mungu aulainishe moyo wa atakayekuuliza, akuondolee woga kinywani, na mikono yako isikose kamwe watu walio hai wa kuwafanyia kazi.