Ndege ya mbio na ile ya polepole

Leo mama mumoja amenifunga kinywa kwenye kiwanja cha ndege hapa Kindu!

Nilikuwa ninamuonyesha ndege mbili ndogo, zote za moteri mbili.

"Hii nyeupe njo ya mbio, mama! Inafika Goma wakati ile ya kijani ingali juu ya pori."

Akauliza: "Inashuka kwenye kiwanja kifupi?"

"Hapana, inataka kirefu."

"Wakati wa vita, mutoto wangu aliugua sana kijijini, upande wa Kalima. Ndege ya mbio ilizunguka juu, ikaenda zake. Ya polepole njo ilishuka kutuchukua."

Nikauliza kwa woga: "Na mutoto?"

Akanionyesha mwanaume mwenye ndevu, anapimisha valizi zao za safari kwenye mizani.

"Njo ule pale."

Wapenda mbio, muko wapi?