Ukwato Hulishwa Mdomoni

Siku niliyoulizwa tunavyopika makande, mahindi na maharage yetu, naikumbuka vizuri, mwanangu, maana nilikasirika sana. Ilikuwa Makanya, miaka ile shamba la mkonge limefungwa, mume wangu hana kazi, na biashara huria ndiyo inaanza. Sabuni na sukari zilizoadimika zikajaa tena madukani, nami nikawa nazipandisha milimani kwa punda wetu mmoja. Watoto wanne walikula kwa miguu ya punda yule.

Nilikuwa na pupa, sikufichi. Kumwacha ale majani niliona ananichelewesha, nikamjaza pumba tupu za mahindi za mashineni na kumtwika mzigo. "Punda afe, mzigo ufike," nilikuwa nasema huku nacheka. Kwato zikaanza kupasuka na kumeguka. Nikazipaka oili chafu ya gari asubuhi na jioni, mpaka siku moja akasimama njiani, akakataa kuinua mguu.

Jirani yetu, mzee Mrangi aliyekuja zamani kukata mkonge, alikuwa amekulia kwenye punda. Nikampa shikamoo, akaitikia, akaziinua zile kwato moja moja. Kisha akaniuliza kama siku hizi Wapare tunapika makande bila maharage.

Nikamjibu kwa ukali kwamba hapana.

"Basi mbona yeye unampa mahindi peke yake? Ukwato hulishwa mdomoni, mama. Wewe unaupaka."

Akaniagiza nyasi kavu za kutosha, majani na makapi ya maharage, chumvi kidogo, maji safi. Pumba konzi tu. Na nisimpakie mpaka ukwato mpya ushuke kutoka juu hadi chini, karibu mwaka mzima. Mwaka, na watoto wale nini? Kila asubuhi nilichuchumaa kuupima kwa kidole. Mwezi wa tatu uvumilivu ukanishinda, nikampakia. Akachechemea kabla hatujaanza kupanda, nikalia pale pale kwa aibu.

Tangu hapo nikajitwika sabuni kichwani mwenyewe, yeye akabaki nyumbani anatafuna. Majirani walinicheka sana. Mwaka uliofuata alipanda mlima kwato zikigonga mawe, nzima.

Mwanangu, nakuona nawe huna utulivu. Kinachokubeba kilishe kwanza, ndipo ukipakie; kilichoharibiwa na njaa hakiponi kwa kupakwa. Punda akifa, mzigo haufiki. Niliubeba mimi, naujua uzito wake. Mungu akujalie cha kulisha, akupe na moyo wa kungoja ukwato uote.