Bi Breki Aenda Kutafuta Leseni

Dada yangu mkubwa analinda maegesho ya magari nyuma ya zahanati, mwaka wa kumi na nane sasa, na maegesho yenyewe yako kwenye mteremko. Hana dogo. Dereva haondoki mpaka avute breki ya mkono, atie gia, alaze matairi kuelekea ukingoni, afunge vioo na kuuficha mkoba. Madereva wamembatiza Bi Breki, na wakikerwa humtupia neno lile lile: "Leseni yenyewe huna."

Lilikuwa linamchoma sana. Akajifunza kwa kigari changu, akaanguka mtihani mara mbili, zote kwa woga. Mara ya tatu nilimsindikiza, nikakaa kwenye benchi kando ya barabara, roho juu.

Mtahini, mzee mkavu asiyecheka na mtu, alimwambia aegeshe mteremkoni, gari likitazama chini. Akaegesha vizuri: usukani akaukatia ukingoni, breki juu, akazima injini, gia ya nyuma. Hapo alitakiwa kutulia angoje kuambiwa. Yeye akashuka, akazunguka, akamgongea mtahini kioo kama anavyowagongea wateja wake.

"Baba, shuka. Kioo funga, na simu usiiache hapo juu."

Mtahini akashuka, nadhani kwa mshangao tu. Dada akafunga milango, akajaribu kila kitasa, kisha jicho likaliangukia gari jeupe lililoegeshwa mbele ya kigari changu: matairi yamenyooka, kioo nusu wazi, koti kitini.

"Na hili je? Breki ikiachia litaishia sokoni. Nani kampa mtu huyu leseni?"

"Ni langu," akasema mtahini.

Nilitamani ardhi inimeze. Lakini kwa dada kazi ni kazi.

"Basi lirekebishe, baba."

Mzee akaingia garini mwake. Dada akasimama pembeni akimwelekeza kwa mkono: kata, kata tena, hapo hapo. Kioo kikapanda, koti likafichwa. Kisha mtahini akaandika kwa muda mrefu, nami pale benchini nikiulaani ule mdomo wa dada.

Amefaulu. Aliisoma karatasi mara mbili, akanipa niisome mimi, akacheka huku analia mpaka nami nikalia. Nilipouendea mlango wa dereva, nikamkuta amekwisha kaa.

"Abiria huingilia upande ule," akaniambia.