Kichuguu cha Mke Wangu na Maji ya Jalala

Mpaka leo, mvua ikianza kunukia kutoka upande wa Kirewa, mkono wangu hutafuta debe. Sina tena kazi ya debe, na mwanamke niliyemwacha angoje kwa ajili ya debe hilo yuko kaburini. Lakini mkono haujaambiwa.

Jalala la mji wa Tororo nililolifanyia kazi lilikuwa kwenye mwinuko, na chini yake palikuwa na chemchemi. Aliyechagua mahali pale sijui alifikiri nini. Labda alidhani taka hazina maji. Zina maji, tena mengi: mvua inapita katikati ya maganda ya ndizi, betri kuukuu na oili chafu ya malori, kisha inachuruzika chini ikiwa nyeusi na inateremka bondeni bila kumwomba mtu ruhusa. Mimi nilikuwa kibarua wa mji, na kazi yangu ilikuwa kuzuia maji yale yasifike chemchemini. Ndugu zangu wa ukoo, watu wa malori na kanzu nyeupe, walikuwa wakiniuliza kama nilikosa kabisa kazi nyingine.

Nilianza kwa hasira. Binti yetu mkubwa alikunywa maji ya chemchemi akaharisha siku tisa, na siku ya kumi, alipoomba uji, nilichukua jembe. Nilichimba mtaro wa kuyakinga maji meusi na shimo la kuyakusanya. Shimo likayanywa yote, maana udongo wake ulikuwa wa mchanga. Saruji katika miaka ile ya utawala wa wanajeshi hukuiona bila kibali cha mkubwa, na mkubwa hakuwa na haja na shimo la taka.

Mke wangu ndiye aliyetoa dawa. Alikuwa mtu wa Kisoko, na kwao kichuguu ni mali. Kina mwenyewe, kinarithiwa kama shamba, kwa sababu mvua zikija kinatoa kumbikumbi, na kumbikumbi wa kukaanga ni chakula cha kumwekea mgeni. Kwetu mjini hawakuliwa. Nilifundishwa naye, na nilifundishika haraka. Cha kwake aliachiwa na shangazi yake aliyeolewa palepale bondeni. Udongo wa kichuguu ukipondwa vizuri haupitishi maji.

"Chimba upande," aliniambia. "Ndani usiguse. Mama yao ukigusa, kichuguu nakufa."

Akaukanyaga udongo ule pamoja na mavi ya ng'ombe, akalikandika shimo kama alivyokandika sakafu ya nyumba yetu, akalisugua kwa jiwe mpaka likang'aa. Sijawahi kuona shimo la uchafu lililopendeza vile. Maji yakakaa. Kila siku niliyachota kwa debe, nikayatia kwenye pipa la mkokoteni, nikayapandisha na kuyamwaga juu ya jalala yakaukie juani. Jioni alinisubiri nje na karai la maji, na sikuruhusiwa kuingia kabla ya kusuguliwa shingo.

Kisha kaka yake akachukuliwa barabarani na watu wenye gari, asirudi. Mke wangu hakulia mbele ya watu. Alifunga vitu.

"Mimi nakwenda Busia, kwa dada yangu upande wa Kenya. Wewe nakuja lini?"

"Mvua ikikwisha, nakuja."

Nilisema kweli. Shimo likiachwa wiki moja ya mvua linafurika, na hakuna mtu mwingine aliyekuwa tayari kulichota. Akaondoka na watoto wawili, na wa tatu tumboni. Mvua za kwetu, lakini, haziishi. Hupumzika tu.

Kulikuwa na mama mmoja wa Kenya, mfanyabiashara, aliyevuka kila siku pale Busia na siku ya gulio akafika Tororo. Yeye ndiye aliyekuwa barabara yetu. Mke wangu alinipelekea nusu mche wa sabuni, maana sabuni ilikuwa imetoweka madukani. Mimi nilimpelekea kumbikumbi wa kichuguu chake. Nilikifunika kwa matawi na blanketi, nikapiga vijiti juu ya debe wadhani mvua imeshika, na alfajiri wakatoka, wakubwa, wenye mabawa ya kahawia. Niliwakaanga kwa chumvi nikawafunga katika jani la mgomba.

"Shemeji, dada anauliza kichuguu chake ni kizima?" yule mama aliniuliza.

"Mwambie ni kizima."

"Na wewe je?"

Nilimtamani mke wangu mpaka nikaichukia jioni, saa ile ya karai. Nilikuwa nainusa sabuni kabla ya kuitumia, nikiwaza kwamba ameishika. Mara nyingi nilifunga mzigo, nikatazama mawingu, nikaufungua.

Msimu mmoja mvua ilipiga siku nne bila kupumua, na shimo likapasuka. Nilisikia maji yakikoroma chini ya ufa. Nilikimbia na jembe mpaka kwenye kichuguu. Ubavu niliouzoea nilikuwa nimeumaliza, basi nikapiga ndani, nikapiga tena, na jembe likazama mahali penye uwazi. Lilipotoka lilikuwa na mama yao, mweupe, mnene kama kidole gumba, amekatika katikati.

Nilisimama pale. Lakini maji yalikuwa yanakwenda, kwa hiyo nikabeba udongo, nikakanyaga, nikaziba. Chemchemi ikapona. Nilikaa kwenye tope nikalia kwa sauti, sioni haya kusema, maana kitu kimoja aliniachia nikitunze na nimekiua kwa mkono wangu.

Ungedhani nilimwambia. Nilikwenda Mwello, nikanunua kumbikumbi wa watu, wale wadogo wanaotoka mchana, nikawakaanga vizuri kuliko siku zote na kuwapeleka kama wa kwake. Yule mama aliporudi alinipa mche mzima wa sabuni, si nusu.

"Amesema nini?"

"Hakusema kitu, shemeji. Amekula, akanyamaza, akanipa hii."

Nikafurahi kama mwizi aliyepita kizuizi salama. Sabuni ile sikuikata. Niliiweka juu ya kabati, iwe ya siku ya kwenda Busia, nifike kwake ninanukia kama mtu. Misimu yote iliyofuata niliendelea kununua na kupeleka.

Serikali ile ilipoanguka, ni yeye aliyekuja. Wale wawili walikuwa wamerefuka. Wa tatu, msichana ambaye sikuwahi kumwona, alinipa mkono kwa adabu akasema, "Shikamoo, mzee," kisha akaziba pua na kujificha nyuma ya mama yake. Nikaitikia. Nilitaka sana kumwambia mimi si mzee, mimi ni baba, lakini nilikuwa nimetoka shimoni.

Mke wangu alitua mzigo na kwenda moja kwa moja kwenye kichuguu. Nilimfuata na maneno niliyoyapanga kwa miaka. Kilikuwa kimeota majani, kuta zimemomonyoka. Akaweka kiganja juu yake.

"Nilijua," akasema. "Tangu wale wadogo wa kwanza."

"Ile siku uliyotuma sabuni nzima?"

"Siku hiyo."

"Mbona hukuniuliza?"

"Ningeuliza, wewe ungeacha kutuma."

Alimshika yule mdogo mkono wakateremka chemchemini, mimi nyuma yao, mbali kidogo kwa sababu ya harufu. Akainama, akateka kwa viganja, akayatazama maji kwa muda. Akanywa. Kisha akateka tena akamnywesha mtoto, na mtoto akanywa yote, akaomba mengine.

Jioni alitoa karai nje. Nilikwenda kuchukua ile sabuni juu ya kabati. Ilikuwa imekauka na kupasuka kwa kungoja, na ilichukua muda mrefu kutoa povu.