Mjomba Niliyemkuta

Mwezi uliopita nilikuwa nasubiri meli ya kwenda Nansio, njaa imenibana, nikaagiza ugali na samaki kwa mama ntilie mmoja karibu na bandari. Akaniletea kichwa cha sato, kizima, kimetulia ndani ya mchuzi wa nyanya. Ungedhani mtu mzima, tena aliyesoma, hawezi kushindwa na kichwa cha samaki. Nilishindwa. Nilimaliza ugali kwa mchuzi, kichwa nikakiacha kinanitazama, na njia nzima nilimuwaza mjomba.

Huyo alikuwa kaka yake mama, na aliishi kwa bibi, kule Nansio, nilikokulia. Kabla sijajua kutembea, aliteleza kwenye mawe ya mwaloni, pale ufukweni mitumbwi inapoegeshwa, wakati wanashusha mashine ya mtumbwi, akaangukia kisogo. Hospitali walimrudisha akiwa hai, wakasema ubongo umeumia na mengine tungeyaona mbele ya safari. Tuliyaona. Mkono wa kulia ulibaki mzito, maneno yakawa yanamjia kwa kuchelewa, na kelele za redio zilimtoa machozi. Aliwaamkia watu wote shikamoo, hata sisi watoto. Watoto wa jirani walikuwa wanamjibu, "Marahaba, mwanangu, hujambo?" halafu wanatimua mbio wakicheka. Naye anacheka nao, huku bibi anatoka jikoni na mwiko.

Bibi ndiye aliyeamini kwamba kichwa hutibiwa kwa kichwa. Sijui nani alimwambia, na nilipouliza niliambiwa nikachote maji. Mtaa mzima ukaipokea imani hiyo. Wavuvi wakirudi asubuhi, kichwa kikubwa kuliko vyote kililetwa kwa mjomba: cha sangara, cha sato, cha kambare. Jirani yetu muuza samaki alimwekea bakuli mapajani yeye mwenyewe. "Kula, shemeji. Kula ubongo, ubongo ujengeke. Au unataka nikutafunie?" Supu ile ilipikwa bila pilipili wala limau, na harufu yake ilihamia kwenye mapazia. Kila aliyeleta kichwa aliuliza swali lile lile: "Leo vipi, kuna nafuu?" Mjomba aliitikia kwa kutikisa kichwa, kama mwanafunzi aliyeulizwa somo ambalo hakulisoma.

Mimi nilikaa naye barazani tukimenya karanga, yeye kwa mkono wa kushoto. Wakubwa wengine maswali yangu yaliwachosha. Yeye hayakumchosha, ila jibu lingeweza kuja kesho yake. Siku moja nilimuuliza kwa nini ziwa letu halina chumvi. Kesho yake mchana, katikati ya ugali wa muhogo, akasema, "Bado halijapikwa." Bibi alidhani anaweweseka. Mimi nilicheka mpaka nikapaliwa.

Nilipokuwa darasa la tano, ndugu walikaa kikao. Walikuwa wamesikia habari za mhubiri mmoja huko Kisesa, anayesifika kwa maombi. Mjomba angekaa kwake mpaka apone, hata kama ni mwaka. Nguo zake zikafuliwa, begi likafungwa. Niliogopa kweli. Nilikuwa na hakika kwamba wakimpeleka hatarudi, au atarudi mtu mwingine ambaye mimi hanijui.

Asubuhi ya safari bibi alimwekea kichwa cha sangara ili apate nguvu njiani. Mjomba akalisukuma bakuli taratibu mpaka katikati ya mkeka. Tukasubiri. Midomo yake ilikuwa inachezacheza.

"Mama," akasema. "Nimechoka kupona."

"Shemeji, usimkufuru Mungu," akadakia muuza samaki. "Kula bwana, meli haingoji mtu."

"Mwache," bibi akasema. Akamgeukia mwanawe. "Sasa unataka nini, baba?"

Jibu lilichelewa, kama kawaida. Safari hii hakuna aliyemsaidia kulitafuta.

"Michembe."

Hakuna aliyekwenda Kisesa. Bibi alichemsha michembe, vile viazi vitamu vilivyokatwa na kukaushwa juani, akaiponda na karanga, wakala bakuli moja. Vichwa vikakoma kuletwa. Muuza samaki alinuna, halafu akazoea. Na lile swali la nafuu likafa pole pole, tukabaki kusalimiana naye kama watu.

Chuoni nilijaribu kusoma habari za ubongo uliojeruhiwa. Nilikuta "huenda" nyingi kuliko nilivyotarajia. Kama angekwenda angepona? Sijui. Wala sina nguvu tena ya kutafuta wa kumuuliza.

Alifariki nikiwa mwaka wa pili. Kwenye mazishi ukasomwa wasifu wa marehemu: hodari wa kuogelea, fundi wa mashine, kijana aliyeweza kuchekesha harusi nzima. Kisha sentensi moja: baadaye aliugua kwa muda mrefu. Watu walilia sana. Mimi nilikuwa nasubiri wamfikie mjomba wangu, yule wa barazani, na wakawa wameshampita.

Bibi naye hayupo tena, na nyumba ina wapangaji waliokata baraza wakaweka duka. Ndugu wakikutana, kila anayemtaja mjomba huanza na "kabla hajaanguka". Zamani nilibisha. Siku hizi nanyamaza, nasikiliza mpaka wamalize, kwa adabu, kama unavyosikiliza habari za marehemu wa watu wengine.