Bakapu ya Saa Mbili

Zahor wa Mkunazini, huu ni mwaka wake wa ishirini na tatu anatengeneza kompyuta, katika kiduka kile kile ambamo marehemu baba yake alikuwa akitengeneza saa za mkono. Mgongo unamuuma, macho yanamchonyota, na kila mteja humwambia maneno yale yale: "Mimi sikugusa kitu." Ukimsalimia atakujibu vizuri, lakini usimwulize habari za kazi, maana atakwambia kweli.

Wiki hii amechoshwa na kompyuta moja tu. Ni ya Bi Mwanakheir, mwalimu mstaafu wa Makunduchi, ambaye kwa miaka kumi na miwili amekusanya maneno ya Kimakunduchi kutoka kwa wazee wa kwao. Yamefika elfu tatu na kitu. Wengi waliompa wameshazikwa, na madaftari ya mwanzo yameliwa na mchwa. Kompyuta ilipokufa, kilichobaki ni bakapu tu, yaani nakala ya kazi yake yote iliyohifadhiwa kwenye diski ndogo ya pembeni. Akamletea Zahor vyote viwili, vimefungwa ndani ya kanga.

"Siku ile ya mwisho nliihifadhi mara mbili," alimweleza. "Saa mbili asubuhi, nshakunywa chai. Halafu saa nane mchana, na hapo umeme ukakatika kazi haijaisha. Basi we nirejeshee ile ya asubuhi."

Ndani ya diski Zahor alikuta bakapu mbili za siku hiyo, moja imeandikwa 2:05, nyingine 8:10, zote za kabla ya adhuhuri. Saa mbili asubuhi kompyuta huandika nane, hilo kila mtu analijua, kwa hiyo akachukua ile ya 8:10. Ile ya 2:05 akaihesabu ni ya saa nane usiku, kitu ambacho mashine hujihifadhia yenyewe watu wamelala. Ya mchana hakuiona, akasema moyoni imeondoka na umeme.

Kurejesha mara moja kunakula nusu ya siku. Jumatatu ilifika asilimia tisini na moja ikagoma: faili limeharibika. Jumanne akabadilisha waya, ikagoma pale pale. Jumatano akatia diski mpya ndani ya kompyuta, akakaa anaitazama ikipanda hata chakula cha mchana kikampoa, na ilipofika tisini na moja ikamrudishia maneno yale yale. Alirudi nyumbani hana hamu ya kusema na mtu.

Alhamisi asubuhi Bi Mwanakheir akaingia.

"Shikamoo, Bi Mwanakheir."

"Marahaba. Ehe, yamerudi?"

Zahor alishindwa kumwambia. Akaanza na dogo. "Hata betri ya saa imekufa. Nliikuta kompyuta iko nyuma saa sita nzima. Nshairekebisha."

"Nani kakwambia imekufa? Nliiweka hivyo mwenyewe! Ilikuwa inasema uongo. Saa mbili asubuhi, inaniandikia nane!"

Fundi mzima akazitazama tena zile bakapu mbili. Aliona haya, haya hasa. Kwenye benchi lile lile baba yake alikuwa akiwategea wazee saa zao kwa mtindo huo huo, mshale mfupi kwenye mbili na jua limeshapanda, na aliyekuwa akizungusha kile kifungo cha pembeni ni yeye Zahor, mtoto wa fundi saa. Siku tatu amepoteza!

Akachagua ile ya 2:05, ndiyo ya asubuhi; ya 8:10 ilikuwa ile ya mchana, iliyokatwa na umeme. Bi Mwanakheir akakaa kwenye kigoda, mkoba mapajani, akasinzia. Ilipofika tisini na moja Zahor aliondoa mkono kwenye meza, asije akaitikisa. Ikapita. Baada ya adhana ya alasiri ikamaliza.

Bi Mwanakheir alivaa miwani, akateremka na maneno mpaka la mwisho. Machozi yakamtoka, hakuyafuta.

"Yapo," alisema. Kisha akaanza kujifunga buibui. "Ila yale maneno sita nliyoyatia mchana ndiyo hayamo. Alinipa Bi Tabia. Nnakwenda kwake sasa hivi."

"Bi Mwanakheir, umechoka. Kunywa hata chai kwanza."

"Bi Tabia ana miaka tisini na mmoja, Zahor, na anasahau. Naye hana bakapu."

Zahor alivuta kanga aifunge kompyuta, lakini kabla ya kuizima akaingia kwenye ile saa, akairudisha nyuma saa sita.